Fundi Anajibu: Fuso inachemsha Sekenke, nifunge kipoza oili cha ziada?

SWALI: Shikamoo fundi, natumaini u mzima. Mimi ni dereva na gari ni la kwangu mwenyewe, Fuso Fighter injini 6D16 ya turbo, nabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kupeleka Dar na kurudi nachukua mzigo wowote. Shida yangu ni mlima Sekenke. Nikitoka Igunga gari iko poa kabisa, nikianza kupanda na mzigo geji ya temprecha inasogea mpaka inakaribia nyekundu, nikifika juu nikiacha sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) taa ya oili inawaka inazima inawaka inazima. Nikipumzika kama nusu saa inakaa sawa. Kuna muuza spea hapa mjini ameniambia dawa ni kufunga oili kula ya nje, ile kama rejeta ndogo inayokaa mbele, na anayo moja used imetoka kwenye lori lililokufa injini. Fundi wangu anasema hajawahi kufunga kitu hicho. Je nifunge? Na inafungwaje?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole, najua ilivyo kupanda pale huku jicho moja liko barabarani jingine kwenye geji na nyuma foleni ya malori inakupigia honi. Nitakujibu yote mawili ila kwa mpangilio wangu, maana ukisoma jinsi ya kufunga tu ukaruka haya ya mwanzo hela itakwenda na injini itakufa vilevile.

Hebu rudi kwenye ulichoandika mwenyewe. Umesema geji ya temprecha inapanda. Hiyo geji inapima maji, haipimi oili. Na hiyo 6D16 yako imetoka kiwandani ikiwa na kipoza oili tayari, kimelala ubavuni mwa bloku nyuma ya kifuniko, oili inapita ndani ya vibamba na maji yanayozunguka kwenda rejeta yanapita nje yake. Maana yake oili yako inapozwa na maji. Maji yakiwa nyuzi 85 oili itakuwa 95, 100, hata 110 ukiwa mlimani na hakuna ubaya wowote. Sasa maji yakifika 105 oili itaponea wapi? Haiwezi kuwa baridi kuliko kinachoipoza. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza hapo ni maji, oili imeambukizwa tu. Halafu ukichukua kipoza kingine ukakipachika mbele ya rejeta ambayo tayari imezidiwa, upepo unapita kwenye kipoza kwanza, unabeba joto, ndio unaingia kwenye rejeta ukiwa wa moto tayari. Nimeona gari zinarudi gereji zinachemsha kuliko zilivyoondoka.

Anza na mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho watu hawakiangalii. Huku Mwanza tupo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama Dar, na njia yako yote mpaka Dodoma ni nyanda za juu za namna hiyohiyo. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 unashika presha na kusogeza kuchemka mbele kwa nyuzi kama 20. Mfuniko mbovu haushiki kitu, na wewe unapanda Sekenke na sufuria lisilofunikwa. Ukiona mpira wake umekakamaa au umepasuka, au ukiminya springi haina nguvu, nunua mpya, usibandike gundi.

Pili rejeta yenyewe. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna balaa letu, wale vijidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi, ukiwakatiza usiku na taa unawasha waipa. Wanakwenda kulala wapi? Kwenye nyavu za rejeta. Juu yao linakuja vumbi, linaganda kama udongo wa kukandika nyumba. Ukiangalia kwa mbele huoni kitu kwa sababu mara nyingi mbele yake kuna rejeta ya upepo wa turbo, uchafu umekaa kati ya hizo mbili. Legeza, zitenganishe, piga maji ya wastani kutokea upande wa injini kwenda mbele, sio mbele kwenda nyuma maana hapo unaushindilia. Na usisogeze mashine ya presha karibu, nyavu zinalala na ukishazilaza upepo haupiti tena.

Tatu, naomba uniambie ukweli, thamostati ipo? Kwa sababu karibu kila lori linalokuja kwangu na tatizo la kuchemsha naambiwa "fundi tuliitoa ile." Jamani. Kwenye injini nyingi za malori thamostati ikifunguka inafanya kazi mbili, inaruhusu maji kwenda rejeta na wakati huohuo inaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, sehemu ya maji yanazunguka ndani kwa ndani bila kuiona rejeta. Tambarare huoni, mlimani ndio inaonekana. Rudisha thamostati. Halafu angalia fenibelti, angalia na klachi ya feni: injini ikiwa ya moto na umeizima, feni ukiizungusha kwa mkono iwe nzito, ikizunguka kirahisi kama pangaboi klachi imekwisha. Na maji, kama unachota ziwani au kisimani na kumimina hivyohivyo kila siku, ndani ya rejeta na kwenye kile kipoza cha ubavuni kunajenga gamba, na gamba ni blanketi. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

Hiyo taa ya oili sasa. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, presha inashuka, hilo ni la kawaida. Lakini kuwakawaka ukiwa sailensa kunaweza kuwa oili imechemka na kunaweza kuwa metali za krenki (vile vibati laini ambavyo krenki inazungukia) zimekwisha, na taa haiwezi kukuambia ni kipi. Toa swichi ya presha ya oili, funga geji ya mkono pale kwenye tundu lake, endesha mpaka injini ipate moto sawasawa. Dizeli ya ukubwa huu ikiwa ya moto inatakiwa isipungue kilo 1 hivi (kilo za presha, kwa kila sentimita ya mraba) kwenye sailensa, na ukipiga resi ipande kilo 3 mpaka 5. Kama maji yako 85 na bado presha iko chini, hiyo ni kazi ya metali au pampu ya oili, hata ukifunga vipoza vitatu havitaongeza nyama kwenye metali. Tena kipoza kitakuficha ugonjwa miezi miwili halafu injini itafunga ghafla ukiwa Nzega usiku.

Nikupe na kipimo cha mwisho kabla hujatoa hela. Tafuta bunduki ya kupimia joto, ya mafundi, sio ile ya kupimia watu homa maana ile inaishia nyuzi arobaini na kitu. Ukishamaliza kupanda simama pembeni pazuri, mulika sampu (bakuli la oili) chini na mulika shingo ya filta. Maji yakiwa 90 na oili ni chini ya 115, acha gari ilivyo, imekuwa nzima. Maji yakiwa 90 lakini oili imevuka 120 na kuendelea, hapo ama kipoza cha kiwandani kimeziba, ama kweli kazi unayoipa injini imekizidi. Kitoe kwanza, kioshe kwa dizeli, ziba upande mmoja, kizamishe kwenye beseni la maji moto na ukipulize upepo kidogo uangalie mapovu. Kikiwa safi na kizima na bado oili inavuka 120, sasa ndio tunaongea habari ya kipoza cha ziada.

Na hapa lazima niongelee hicho cha used. Usinunue. Naomba sana.

Miaka ya nyuma nilipokuwa na gereji Nyakato nilimfungia mzee mmoja kipoza nilichokitoa kwenye lori lililokata metali. Nilikiosha kwa petroli mara tatu, nikakipuliza kwa kompresa mpaka petroli ikawa inatoka nyeupe kama maji ya kunywa. Nikaridhika. Nikakiunga oili itoke kwenye filta, ipite kipoza, ndio iingie injini. Siku ya nne nikapigiwa simu, gari imefunga Shinyanga. Tulipofungua sampu na kutoa metali ya kwanza niliigeuza juani nikaona mistari, kama mtu aliyepitisha msumari kuizunguka, na katikati ya mistari vimechomekwa vijipande vinang'aa kama magamba ya furu. Vilitoka ndani ya kipoza changu. Ndani ya yale mabomba mna vijiwavu vya kuchanganya oili, vipande vya chuma vinanasa humo, petroli ya baridi haivitoi, ila oili ya moto na mtikisiko wa barabara unavitoa kimoja kimoja. Na kwa sababu nilikiweka baada ya filta hapakuwa na kitu cha kuvizuia. Mzee hakunitukana, alikaa juu ya tairi akaniuliza tu, "sasa kijana tunafanyaje?" Nilimlipia krenki kidogo kidogo kwa miezi saba. Kwa hiyo ukisikia nasema kipoza kilichotoka kwenye injini iliyokufa ni kifo kinachohama, najua ninachosema.

Haya, kufunga. Nunua kipoza kipya cha vibamba, na kati ya filta na bloku unaweka kile kipande cha duara wanachoita sendwichi, oili inatoka hapo kwenda kipoza na kurudi hapohapo kabla ya kuingia filta. Kabla ya filta, umenielewa. Thredi za sendwichi lazima zifanane na za filta yako, nenda dukani na filta mkononi usiende na maneno. Na chagua sendwichi yenye thamostati yake ndani, zile zinazoanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Wengi wanaona huku kwetu joto wanasema haina haja. Ina haja. Asubuhi unatoka Igoma na baridi ya ziwa, kama oili inapita kipoza muda wote inakaa nyuzi 60 safari nzima, na oili isiyofika 80 haikaushi maji na mafuta yanayovuja kuingia ndani yake, inatengeneza tope. Oili baridi sana nayo inaua, ila inaua taratibu.

Mipira ndipo pesa isibanwe. Mpira wa rejeta na klipu hapana, hata kwa jaribio la dakika kumi hapana, asubuhi injini ya baridi inaweza kusukuma kilo 6 na zaidi, klipu inachomoka unamwaga oili yote kabla hujaona taa. Watu wanakimbilia mipira ya haidroliki ya matingatinga, presha inaiweza vizuri sana lakini soma maandishi ubavuni, mingi ya ile ya kawaida mwisho wake ni nyuzi 100, itakauka na kupasuka ndani kwa ndani. Omba ya kuhimili 150, yenye vichwa vya kubanwa kwa mashine, tundu la ndani robo tatu inchi kwa injini ya lita 7.5, nusu inchi inakaba. Kwenye thredi usizungushe ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji, vipande vyake vinasafiri na kuziba matundu madogo ya oili. Oringi au koni ya chuma kwa chuma vinatosha.

Sasa kikae wapi. Fuso kabini inalala mbele, hilo wengi wanasahau, ukifunga kipoza kwenye grili ya kabini siku utakayoinyanyua mipira itanyofoka. Kifunge kwenye chesisi au kwenye fremu ya rejeta, na vipande vya mpira laini kwenye pande zake, usikifunge na zile kamba za plastiki kupitia katikati ya nyavu za rejeta, zinasaga mabomba. Acha nafasi ya kidole kati yake na rejeta. Kwa gari lako ambalo rejeta ina historia ya kuzidiwa mimi ningekiweka pembeni nyuma ya kabini na feni yake ndogo ya umeme ya volti 24, kisiguse upepo wa rejeta kabisa. Midomo ya mipira itazame juu au pembeni, ikitazama chini hewa inanasa juu na nusu ya kipoza inakuwa pambo. Kila mahali mpira unapokaribia chuma uvishe kipande cha mpira mwingine, mtikisiko unakata mpira wa waya kama msumeno.

Ukimaliza usiwashe! Jaza oili ndani ya kipoza na filta kabla ya kukaza, halafu vuta stopu ili injini isiwake, piga stata sekunde kumi, pumzika, kumi tena, mpaka geji ya presha ipande. Ndio uwashe, sailensa dakika chache, zima, ngoja, pima stiki. Utaongeza lita moja mpaka mbili kwa sababu kipoza na mipira imekunywa. Endesha mpaka ipate moto, kaza viungo tena ikiwa imepoa, na rudia baada ya safari ya kwanza. Ukifika juu ya mlima usizime palepale, iache ingurume dakika tatu, turbo inapozwa na oili hiyohiyo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina lori linalobeba dagaa na mahindi Mwanza kwenda Geita. Tangu daraja lifunguliwe pale Kigongo dereva wangu anasema gari inapata joto wakati zamani haikuwa na shida, anadai ni upepo wa darajani unasukuma gari. Fundi mmoja akanishauri niweke oili nzito namba 50 itapoza. Ni kweli?
Mfanyabiashara, Kirumba

JIBU: Nzuri dada yangu. Upepo wa ziwani upo na una nguvu, lakini daraja ni kilomita 3 tu, haliwezi kuchemsha lori zima. Fikiria zamani ilikuwaje. Gari inafika Kigongo inapanga foleni ya kivuko, saa nzima wakati mwingine zaidi, injini imezimwa inapoa, inavuka majini imezimwa, inatokea Busisi ikiwa mpya. Tangu Juni 2025 inapita moja kwa moja bila kupumua. Ugonjwa ulikuwepo siku zote, foleni ndiyo ilikuwa inautibu. Kwa hiyo fanya yaleyale niliyomwambia kijana wa Igoma, mfuniko, rejeta, thamostati, feni.

Oili nzito haipozi. Inapandisha sindano ya presha ndio maana watu wanaamini imesaidia, lakini nzito inapita polepole, haiwahi kubeba joto chini ya pistoni na inajisaga yenyewe ikaongeza joto jingine, na asubuhi inachelewa kufika juu kwenye rokaamu, ile mikono inayofungua valvu. Rudi kwenye 15W-40 ya dizeli kama kitabu cha gari kinavyosema, na ukishaichemsha kupita kiasi usisubiri kilomita za kubadilisha zitimie, imwage. Joto likizidi kwa nyuzi kumi, oili inachakaa kama mara mbili haraka zaidi.

SWALI: Fundi salama? Nipo Nansio, Ukerewe. Nimetoa injini ya Isuzu kwenye lori nikaiweka kwenye boti ya mbao ya mizigo. Maji ya injini nimepata njia ya kuyapoza, ila oili inakuwa ya moto sana nikiwa na mzigo. Naweza kufunga kile kipoza cha upepo?
Nahodha, Nansio

JIBU: Salama nahodha. Cha upepo hapana, injini yako iko ndani ya boksi chini ya mbao, upepo utatoka wapi? Na lori linapanda mlima nusu saa linashuka linapumzika, boti inapanda mlima tangu Nansio mpaka Kirumba, propela haina mteremko. Wewe una kitu ambacho sisi wa barabarani hatuna, ziwa zima la maji ya nyuzi 25 hivi. Tafuta kipoza cha bomba, oili inapita upande mmoja na maji ya ziwa yanapita ndani ya vijibomba upande wa pili, yanasukumwa na pampu kisha yanatemwa nje. Maji yetu hayana chumvi kwa hiyo hakitaliwa haraka kama cha pwani.

Adui wako ni magugu maji na mchanga. Mdomo wa kunyonyea weka chujio unaloweza kulifungua kwa mkono mkiwa katikati ya maji, na jizoeze kutazama maji yanayotemwa ubavuni, yakipungua punguza resi hapohapo. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha chomoa stiki ya oili. Injini ikiwa inafanya kazi presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kipoza kikitoboka utaona mafuta yanaelea nyuma ya boti, rangi rangi juu ya maji. Lakini ikilala usiku imezimwa na mdomo wa maji uko chini ya usawa wa ziwa, maji ndiyo yanaingia kwenye oili. Weka koki kwenye bomba la kunyonyea uifunge ukishatia nanga. Na ukichomoa stiki ukakuta rangi ya chai ya maziwa, usiwashe hata kwa kusogea gatini, toa oili yote kwenye injini hapo hapo, toa kipoza, kipime kwenye beseni.